Nilivyoacha kusubiri deni, usingizi ukarudi

Ukiwa na donda moyoni, kila anayekupenda atakuambia, "Sahau, dada, maisha yaendelee." Niliambiwa hivyo na ndugu, na majirani, na wateja. Kila aliyeniambia nisahau alinikumbusha upya. Naandika haya kwa sababu najua wengi hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, na kwingineko wanalala na jambo la miaka kifuani, na wameshajaribu kusahau wakashindwa. Mimi sijasahau mpaka leo, lakini nalala.

Nimezaliwa Kilembe. Baba yetu ni Mnubi wa Arua, alikuja kufanya kazi mgodini, enzi zile shaba ikichimbwa hapa na kupelekwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakurudi kwao. Sisi watoto tukaingia biashara, na mimi nauza chumvi ya Katwe.

Anayeijua Katwe anajua kwamba chumvi inafuata jua. Ziwa lile limekaa ndani ya shimo la volkano, maji yake hayana pa kutokea. Wakati wa kiangazi maji hukauka kwenye viwanja vya chumvi, watu wakavuna. Mvua zikianza chumvi inaadimika na bei inapanda. Kwa hiyo mimi hununua Januari na Februari, kisha mzigo unavuka Mpondwe kwenda Kongo. Upande wa pili, Kasindi, nilikuwa na mwenzangu wa kupokea. Namtumia magunia, anauza, ananirudishia pesa, tunagawana faida. Hatukuandikiana hati. Tulikuwa tumezikiana wazazi, watoto wake wananiita mama mdogo. Hati ya nini tena?

Februari 2020 nilivusha mzigo mkubwa kuliko yote, karibu mtaji wangu wote, shilingi milioni nne. Machi mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, sisi wafanyabiashara wadogo tukabaki tunautazama mpaka. Mei mvua kubwa ikanyesha Rwenzori, mto Nyamwamba ukafurika na kuviringisha mawe makubwa bondeni. Maji yaliingia hadi hospitali ya Kilembe. Nyumba nyingi zilikwenda, na kwangu jiko na stoo vilikwenda nazo. Majirani wengi waliishia kambini Muhokya. Mimi na wanangu tulipokewa na mjomba pale mjini. Kipindi hichohicho simu ya mwenzangu ikaacha kupatikana. Baadaye dereva mmoja akaniletea habari: chumvi iliuzwa yote, na mwenyewe amehama.

Jambo hili nililifikiria sana. Mto ulinichukulia vitu vingi, na miaka kadhaa nyuma, 2013, ulikuwa umeshatutesa vilevile. Nililia, nikaokota sufuria zilizobaki kwenye matope, nikalala. Sikuwahi kuuchukia mto. Lakini zile milioni nne zilinikesha. Saa nane za usiku nilikuwa macho nikimsemesha mtu ambaye hayupo, nikimpangia maneno ya kumwambia siku nitakayomkuta sokoni. Kila usiku kabla ya kulala nilipiga ile namba. Kila usiku haipatikani, na kila usiku ilikuwa kana kwamba nimeibiwa upya.

Mwili ndio ulionipeleka kwa daktari. Kichwa kilikuwa kinagonga, shingo imekaza, watoto nawafokea kwa kijiko kilichoanguka. Kwenye kituo cha afya presha ilikuwa 158 kwa 98. Sista aliyenipima, binti mdogo lakini mwenye utulivu, hakukimbilia kuniandikia dawa. Alisema, "Mama, kipimo kimoja hakitoshi, utarudi tupime tena. Lakini niambie, unalala?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza swali hilo. Nilimweleza yote pale kwenye benchi, watu wakisubiri nyuma yangu.

Alinipa mambo ya kufanya: nipunguze chumvi ya mezani, kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai katika vyakula vyote. Nitembee. Niache kahawa ya jioni, kwa maana hata muda wa saa tano ukipita tangu uinywe, karibu nusu ya nguvu yake bado inazunguka mwilini. Kwa mwanamke anayeuza chumvi na kuishi kwenye nchi ya kahawa, hayo hayakuwa maagizo mepesi, lakini niliyafuata. Na hapa naomba nieleweke: kaka yangu mkubwa anakunywa vidonge vya presha kila siku, na ninamhimiza asiruke hata kimoja. Njia za asili zilinifaa mimi nikiwa ninapimwa. Anayeambiwa na daktari anywe dawa, anywe.

Kutembea kulinisaidia mapema. Nilikuwa napanda barabara ya Kilembe alasiri jua likipoa, mwendo wa kutoa jasho kidogo, nikirudi miguu imechoka. Mwili uliochoka kwa kutembea unaomba usingizi kwa namna nyingine kabisa na mwili uliochoka kwa mawazo.

Kupumua kulichukua muda zaidi kunikaa. Binti yangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenielewesha. Mtu akiwa na hofu au hasira pumzi inakuwa fupi, ya juu kifuani, na moyo unakimbia. Akirefusha pumzi ya kutoka, kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka kutoka kichwani hadi kifuani na tumboni ambao unauambia moyo upunguze mbio. Unavuta kwa hesabu ya nne, unatoa kwa hesabu ya sita, dakika tano hivi. Akanieleza pia kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini, na watu haohao wakikariri maneno ya yoga, wakaona yote mawili yanashusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na moyo unatulia. Nikafikiria tasbihi yangu. Baada ya swala nilikuwa naikimbiza kama mtu anayehesabu pesa za wateja. Sasa nikaanza kuisoma polepole, pumzi moja ndefu kwa kila Subhanallah. Ibada ni ibada, sikuigeuza kuwa dawa. Ila sikuona sababu ya kuifanya kwa haraka.

Hayo yote yaliutuliza mwili. Moyo bado.

Moyo ulifikiwa kupitia mpwa wangu wa Arua. Anafanya kazi na wakimbizi wa Sudan Kusini katika Rhino Camp, na usiku mmoja nilipompigia kulalamika akaniambia kuhusu mafunzo ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatengeneza, yanaitwa Self-Help Plus. Yalijaribiwa palepale Rhino Camp kwa wanawake karibu 700, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: waliopata mafunzo walipungukiwa na dhiki ya moyo kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Ni vikao vitano tu. Wanawake wanakaa pamoja, wanasikiliza sauti iliyorekodiwa, wanapewa kitabu cha picha. Hakuna anayelazimishwa kusimulia yaliyompata, na hilo lilinigusa, kwa maana kuna mambo ambayo mtu hataki kuyasema mbele za watu. Mpwa wangu alinitumia maelezo kwa sauti kwenye simu, kidogo Kiswahili, kidogo Kinubi, na pale alipochanganya Kiarabu cha Juba kama wanavyokisema kambini, nilimwelewa bila shida, kwa kuwa Kinubi chetu na Kiarabu kile ni ndugu.

Nilichokishika ni hiki. Wazo baya likija, usipigane nalo na usilifuate. Litambue, lipe jina, kisha rudi ulipo: kanyaga chini uzisikie nyayo, tazama kilicho mbele yako, sikiliza sauti zilizopo. Nilianza kusema kimoyomoyo, "Hili ni wazo la deni, limekuja." Basi. Kisha naikanyaga sakafu, nagusa gunia, nasikia punje za chumvi chini ya vidole, namsikiliza mteja anayesema nami. Wazo linaweza kurudi baada ya dakika tano, nalitambua tena. Mwanzoni niliona ni jambo dogo mno kwa uchungu mkubwa hivyo. Lakini nililifanya sokoni, njiani, kitandani, na taratibu nikaona kwamba wazo linakuja na kupita bila kunibeba.

Halafu kukawa na swali. Mpwa wangu aliniuliza, "Shangazi, katika jambo hili unataka kuwa mtu wa namna gani?" Hakuniuliza nataka kulipwa nini, na jibu lilinitoka bila kufikiri: nataka kuwa mfanyabiashara anayeaminika, na mama ambaye watoto hawamwogopi. Nikakaa na jibu hilo siku nyingi. Kati ya mambo hayo mawili hakuna hata moja lililomhitaji mwenzangu arudi na pesa.

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinanifunga. Nilidhani ni chuki. Kumbe nilikuwa nasubiri. Nasubiri simu ipatikane, nasubiri aje aniangukie aombe radhi, nasubiri siku ya yale maneno niliyoyapanga usiku. Mto sikuusubiri, kwa maana hakuna anayetegemea mto urudi kuomba radhi, na ndiyo sababu msiba wa mto ulipoa nami nikapoa. Nikaangalia maisha yangu yote nikaona kusubiri kumejaa kila mahali. Hata kwenye daftari la biashara, ukurasa wa mtaji, zile milioni nne nilikuwa bado nazihesabu. Kila mpango wa kuanza upya ulianza na maneno "akinilipa". Ndiyo maana sikuwa nimenunua hata gunia moja kwa fedha yangu tangu mafuriko. Nilikuwa nawauzia watu chumvi yao kwa kamisheni.

Niseme pia kwamba haki yangu niliitafuta kwanza. Viongozi wa wafanyabiashara wa pande zote mbili walijaribu kutusuluhisha, ujumbe ulipelekwa, haukurudi na kitu. Sipendi ushauri wa kumwambia aliyedhulumiwa aachilie kabla hata hajasikilizwa. Aliyechukuliwa shamba lake, mjane aliyefukuzwa nyumbani, hao waende kwenye sheria, na moyo utatulizwa njiani. Langu mimi lilikuwa limefika mwisho wa njia.

Nikakaa na daftari alasiri moja nikaandika yote. Nilichompa, nilichompendea, tulivyozikiana, jinsi nilivyojisikia pale dereva aliponiletea habari. Niliandika kwa siku kadhaa mfululizo, robo saa hivi kila siku, bila kujali mwandiko. Siku ya kwanza nililia na kulala vibaya kuliko kawaida, na anayetaka kujaribu ajue hilo linaweza kumpata. Siku za mwisho maneno yalipungua yenyewe. Kisha nikafungua ukurasa wa mtaji, nikapiga mstari kwenye zile milioni nne, na chini nikaandika mtaji nilionao kweli: shilingi laki tatu na elfu arobaini. Kiasi kidogo, lakini ni changu, na kipo. Namba ya simu nikaiacha mahali pake. Nilichoacha ni kuipiga.

Laki tatu hiyo niliiongezea mkopo kutoka kwenye boksi la kikundi chetu cha akiba cha akina mama. Kiangazi kilichofuata nikanunua magunia machache Katwe, nikayauza mwenyewe Mpondwe, taslimu. Kina mama wa kikundi wamenisaidia kuliko wanavyojua. Tunakutana kila wiki, tunahesabu akiba, lakini kabla ya kuhesabu kila mmoja anasema hali yake. Wengi wetu tulipoteza kitu Mei ile. Kukaa na watu ambao huhitaji kuwaeleza mto ulivyokuwa ni pumziko la aina yake.

Presha yangu sasa inasoma karibu 130 kwa 84. Bado naenda kupimwa. Usingizi ulirudi kwa vipande: kwanza hadi saa tisa, baadaye hadi adhana. Wapo watoto wa kuthibitisha kwamba kufoka kumepungua. Na wazo la deni bado linakuja, hasa Februari, magunia yanapopakiwa. Naliita jina lake, naendelea kupakia.

Mwezi uliopita yule dereva alinikuta sokoni akasema amemwona mwenzangu kule mji wa Beni, Kongo, anauza maharage. Kabla sijafikiri nilishamuuliza, "Na wale watoto, wanasoma?" Alisema mkubwa ameolewa. Nilifurahi, furaha ya kweli, yule mtoto nilimbeba mgongoni. Ndipo nikampa ujumbe ampelekee: nimesikia habari za harusi, Mungu awabariki, na lile deni nimelifuta, asiogope kupita Mpondwe. Akitaka chumvi ipo. Nitamuuzia kwa bei ninayowauzia wengine wote, na atalipa taslimu.