Kumbukumbu ya mradi: Timu iliyoanza vibaya na hesabu ya kuingia mchujo

Faili la Excel limefika toleo la tatu na majibu yake sasa yanaingia akilini. Kazi yake ni moja: kuchukua timu ya Championship, daraja la pili la England, iliyoanza msimu kwa kuboronga, kisha kukadiria nafasi yake ya kumaliza kati ya 3 na 6, ambazo katika misimu iliyotumika hapa ziliipa timu mchujo wa kupanda Ligi Kuu. Timu ya majaribio ni Nottingham Forest ya 2021/22. Baada ya mechi 7 ilikuwa inaburuza mkia na pointi 1, mabao 5 ya kufunga na 12 ya kufungwa. Kocha Chris Hughton akatimuliwa Septemba, akaja Steve Cooper, na timu ikamaliza ya 4 kwa pointi 80. Modeli inayoipa timu ya namna hiyo asilimia sifuri mwezi Septemba ina kasoro, hata kama wengi wangekubaliana nayo siku hiyo.

Jambo la kwanza lililorekebishwa ni lengo la pointi. Watu wengi huangalia pointi za timu ya 6. Kuanzia 2018/19 hadi 2024/25 zilikuwa 74, 70, 77, 75, 69, 73 na 68, namba zinazorukaruka. Mstari wa kweli ni pointi za timu ya 7, kwa sababu huyo ndiye wa kumpita. Kwa misimu hiyohiyo: 73, 70, 70, 70, 69, 70 na 66. Pointi 71 zingetosha misimu sita kati ya saba. Kwa Forest maana yake ni pointi 70 katika mechi 39 zilizobaki, wastani wa 1.79 kwa mechi. Ukitumia 75 ya nafasi ya 6 unapata 1.90, na tofauti hiyo ya takriban 0.10 ni pointi 4 kwa msimu. Ndani ya faili hakuna lengo lililoandikwa kwa mkono; kila duru ya bahati nasibu, yaani msimu mmoja wa kubahatisha, inapanga jedwali lake. Hiyo 71 ni ya kukagulia tu.

Muundo wa faili. Ligi ina timu 24 na mechi 552. Baada ya raundi 7 zimechezwa 84, zimebaki 468, kila moja na mstari wake. Safu zake ni mwenyeji, mgeni, wastani wa mabao yanayotarajiwa kwa kila upande, kisha mabao yenyewe. Wastani wa mwenyeji ni kiwango chake cha kufunga, mara kiwango cha mgeni cha kufungwa, gawanya kwa wastani wa ligi (nimeweka 1.25), halafu zidisha kwa 1.1 kwa uwanja wa nyumbani. Mgeni anazidishwa kwa 0.9. Excel haina fomula ya moja kwa moja ya kuchota namba ya Poisson (idadi ya mabao ya kubahatisha inayozunguka wastani fulani), lakini hii inafanya kazi vizuri, C2 ikiwa seli ya wastani wa mabao:

=BINOM.INV(1000, C2/1000, RAND())

Pointi zinajumlishwa kwa SUMIFS. Kupanga jedwali kunahitaji ufunguo mmoja: pointi × 1,000,000 + tofauti ya mabao × 1,000 + mabao ya kufunga, kisha RANK. Usiruke tofauti ya mabao. Msimu wa 2019/20 Forest walifika siku ya mwisho wakiwa pointi 3 na mabao 5 mbele ya Swansea. Wakafungwa 4-1 nyumbani na Stoke huku Swansea wakishinda 4-1 kwa Reading. Wote pointi 70, Swansea +9, Forest +8, na Swansea ndio wakaingia mchujo. Weka pia safu ya adhabu: msimu wa 2021/22 Derby walikatwa jumla ya pointi 21 na Reading 6, na faili lisilo na safu hiyo linawabakiza kwenye vita isiyowahusu.

Kurudia msimu mara 2,000 kunafanywa na Data Table iliyo chini ya What-If Analysis. Andika 1 hadi 2000 kwenda chini, juu ya safu ya pili weka seli inayosoma nafasi ya timu, na kwenye sehemu ya seli ya safu elekeza seli yoyote tupu. Kabla ya hapo weka ukokotoaji uwe wa mkono, ubonyeze F9 unapotaka. Usipofanya hivyo, kila ukigusa herufi moja kompyuta inacheza upya misimu 2,000, na ya RAM ndogo itaganda.

Sasa penye utamu, na ndipo toleo la kwanza na la pili yalipokwama: kiwango cha timu.

Ukichukua mechi 7 kama zilivyo, Forest inafunga 0.71 na kufungwa 1.71 kwa mechi. Kwa Poisson, bila kutenganisha nyumbani na ugenini, hiyo ni pointi 0.69 kwa mechi na jumla ya 28 hivi mwisho wa msimu. Haiaminiki, mechi 7 ni chache mno. Vipigo vitano kati ya sita vilikuwa vya tofauti ya bao moja. Dawa ya kawaida ni kuchanganya na mechi za kufikirika za wastani wa ligi. Nikiweka mechi 12 za mabao 1.25 (jumla 15 kila upande), kufunga kunakuwa (5 + 15) ÷ 19 = 1.05 na kufungwa (12 + 15) ÷ 19 = 1.42. Jumla inapanda hadi pointi 44. Ukichanganya na msimu uliotangulia badala ya wastani wa ligi, mambo yanaharibika: Forest ya 2020/21 ilifunga mabao 37 tu na kufungwa 45, kwa hiyo unapata 0.77 na 1.25, pointi 39. Njia tatu, na hakuna iliyofika hata karibu na 71.

Je, tatizo ni Poisson? Hapana. Katika mechi 39 za mwisho Forest walifunga 68 na kufungwa 28, yaani 1.74 na 0.72. Ingiza namba hizo kwenye mashine ileile, inatoa pointi 82 hivi kwa mechi 39. Walivuna 79. Mashine ni nzima, inalishwa kiwango kisichobadilika wakati timu yenyewe inabadilika: kocha mpya, Djed Spence na James Garner waliokuja kwa mkopo kuingia kwenye mfumo, kisha Januari Steve Cook na Keinan Davis kuongezeka.

Toleo la tatu kwa hiyo linaipa kila timu mtikisiko mmoja wa kubahatisha, unaopandisha au kushusha kiwango chake, mwanzoni mwa kila duru:

z = 0.25 × NORM.S.INV(RAND())

Kufunga kunazidishwa kwa EXP(z), kufungwa kwa EXP(-z). Seli ya z iwe moja kwa timu na isomwe na mistari yote ya timu hiyo. Ukiweka RAND mpya kila mstari, mitikisiko inafutana na unarudi ulikotoka. Kwa nini 0.25? Kupanda kwa ufungaji wa Forest kutoka 1.05 hadi 1.74 ni mtikisiko wa 0.50, hatua mbili za 0.25: nadra, lakini ipo. Ukiweka 0.15 inakuwa hatua zaidi ya tatu, na modeli inaanza tena kuzika timu mapema. Namba hiyo ya 0.25 naishusha taratibu hadi 0.10 kufikia Machi, kwa kuwa mechi 38 zinasema mengi kuliko 7.

Mchujo wenyewe umebaki bahati ya kurusha shilingi kwa sasa. Nusu fainali ya Forest na Sheffield United iliisha 3-3 kwa jumla, ikaamuliwa kwa penalti 3-2, na fainali dhidi ya Huddersfield ilikuwa 1-0 kwa bao la kujifunga. Kuongeza fomula hapo ni kujipa kazi bure.

Kinachofuata ni nakala ya Ligi Kuu Tanzania Bara: timu 16, mechi 240, na mchujo wa nafasi ya 13 na 14, ambao ni wa kujinusuru kushuka. Fomula za mechi zinabaki zilezile. COUNTIFS ndiyo itahesabu nafasi hizo mbili, na ufunguo wa kupanga jedwali utaandikwa upya kwa kufuata kanuni za ligi za msimu husika.