Stempu zilizopigwa taipu Mengo

Jirani yangu hapa Bukoba ni mzee aliyestaafu posta. Kwake kuna makopo ya biskuti ambayo hayajaona biskuti miaka 30, yamejaa stempu. Mwezi uliopita aliniita kutoka upande wake wa uzio: "Mama Neema, hebu njoo uone kitu cha fani yako."

Alikuwa ameshika katalogi nene iliyochakaa pembe zote, ameifungua kwenye ukurasa wa Uganda. Nilitegemea kuona malkia, au tembo, au maporomoko ya maji. Nikaona herufi mbili, U na G, chini yake tarakimu 50, na vistari vya kuzungushia. Basi. Nikacheka, nikamwambia, "Mzee, hii si stempu, hii ni taipu."

"Ni stempu," akasema, "na moja yake inaweza kuuzwa maelfu ya pauni."

Mimi nilisomea uhazili Tabora na nimekula mkate wa taipureta kwa miaka 27, kabla kompyuta hazijatukuta maofisini. Karatasi iliyopigwa kwa mashine naitambua hata ikiwa imekunjwa mfukoni mwa mtu. Nimepiga barua, mihtasari, stensili za mitihani, hata mahari za watu. Kupiga fedha? Hilo halikuwahi kunijia akilini. Nikaomba ile katalogi nikalale nayo.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1894 Waingereza waliitangaza Uganda kuwa chini ya himaya yao. Mwaka uliofuata wakataka posta ya kubeba barua ndani ya nchi, na stempu hazikuwepo. Kuagiza London kungechukua miezi. Reli ilikuwa haijaanza hata kujengwa kule Mombasa, na kila mzigo ulipanda bara juu ya kichwa cha mpagazi. Lakini pale Mengo, makao makuu ya Kabaka wa Buganda, alikuwepo mmisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, Ernest Millar, na Millar alikuwa na taipureta. Akachukua karatasi nyembamba, akaiingiza kwenye rola, akaanza kupiga U na G, kifupi cha maneno ya Kiingereza ya Serikali ya Uganda. Tarehe 20 Machi 1895 stempu zake zikaanza kazi. Hazina picha, hazina matobo ya kuchania pembeni. Unakata kwa mkasi.

Na ile 50 si senti, wala si anna, ile sehemu ya 16 ya rupia. Ni simbi 50. Simbi zenyewe, zile kete za baharini, ndizo zilizokuwa fedha ya Buganda, 200 kwa rupia moja. Hata leo Mganda akidai pesa yake anadai "ensimbi". Marehemu bibi yangu mzaa baba alikuwa na shada la ensimbi kwenye mfuko wa kitambaa, na sisi wajukuu tulizichukulia kama vitu vya kuchezea, mpaka siku alipotuchapa kwa kupoteza tatu. Sasa nikiangalia ule ukurasa namwona bibi akihesabu: stempu hii ni shada zima la watu. Wakusanyaji wa Ulaya nao hawakutafuta jina lingine, stempu hizi wanaziita kwa jina la kete hizo hizo.

Thamani zake zinaanzia 5 hadi 60. Hapo ndipo nilipotaka kujua mwenyewe ilikuwaje, nikatoa taipureta yangu, Olympia, chini ya kitanda. Niliinunua kwenye mnada wakati ofisi ilipokuwa inatupa mashine zote za zamani. Riboni ilikuwa imekauka, nikailowanisha kwa wino wa mihuri. Nikachukua fulskepu, nikakaa barazani, nikapiga.

Anayedhani ni kazi ya dakika tano hajawahi kukaa mbele ya taipureta. Mashine haijui stempu, inajua mstari. Kwa hiyo hupigi stempu moja ukaimaliza ndipo uende ya pili. Unapiga vistari vya juu vya safu nzima, kengele inalia, unarudisha gari, ile sehemu inayobeba karatasi, unapiga U G, U G, U G mpaka mwisho, kengele, unarudisha, unashuka, unapiga 50, 50, 50. Ukikosea spesi moja mwanzoni mwa safu, tarakimu ya mwisho inakalia ukuta wa jirani yake. Safu ya kwanza ilinichukua dakika 11 na ilikuwa mbovu. Kwenye karatasi za Millar thamani tofauti zilipigwa pamoja, ya 10 kando ya 20, jambo ambalo mchapishaji wa London asingelifanya kamwe ila mpiga taipu analifanya bila kufikiri: zinahitajika hizi na hizi, karatasi ni moja, basi gawa safu.

Kwenye safu ya nne nilipiga 15 mahali pa 50. Tulikuwa hatuna tipeksi. Nikachukua kalamu, nikakata, nikaandika 50 kwa mkono, halafu nikarudi kwenye katalogi na kukuta kuna kundi zima la stempu za Millar zilizobadilishwa thamani kwa kalamu: 30 imekuwa 10, 50 imekuwa 15, nyingine 50 imekuwa 25, 60 imekuwa 50. Hizo ni miongoni mwa zilizo adimu kabisa. Bosi wangu wa kwanza angeniita ofisini na kunirudishia ukurasa mzima.

Kuna jambo jingine ambalo mzee wa posta hakuliona, na nilifurahi kumwonyesha. Stempu za mwanzo zina upana wa milimita 20 hadi 26. Baada ya muda mfupi tu zimebanwa, 16 hadi 18. Katika katalogi huo ni mstari mmoja wa maandishi madogo. Mimi niliona mtu aliyechoka na aliyeanza kuhesabu karatasi zake. Baadaye herufi nazo zikawa nyembamba, na kufikia Novemba 1895 wino ukatoka mweusi ukawa zambarau, kwa sababu riboni imebadilishwa.

Mwaka ule ule, Novemba, na Zanzibar walikuwa na vituko vyao. Posta ya kule ilitumia stempu za India, ikaamuliwa zigongwe neno "Zanzibar" juu yake kwenye mtambo wa gazeti la serikali. Waliopanga herufi walitoa "Zanzidar", wakatoa "Zanizbar", wakatoa na "Zanzibarr" yenye r mbili. Leo mtu analipa pesa nyingi zaidi kwa Zanzidar kuliko kwa Zanzibar iliyoandikwa sawasawa. Nilipomweleza mume wangu aliuliza kama barua zangu za ofisini zenye makosa bado ninazo.

Mzee anasema stempu kubwa za dunia nyingi zilizaliwa na meli iliyochelewa. Mfano wake ni ile ya senti moja ya British Guiana, Guyana ya leo kule Amerika ya Kusini, ya mwaka 1856. Shehena kutoka Uingereza haikufika, mkuu wa posta akaenda kwa wachapishaji wa gazeti pale Georgetown wamtolee za dharura. Inajulikana imebaki moja tu duniani. Mwaka 2014 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9, mwaka 2021 ikashuka hadi milioni 8.3. Kwangu mimi ni kikaratasi chekundu kilichokatwa pembe, kimechafuka. Ningepewa nichague ningechukua ya Mengo, kwa sababu najua kidole gani kilipiga U na kidole gani kilipiga G.

Millar aliendelea. Juni 1896 alitoa nyingine zenye V, 96 na R, yaani Malkia Victoria kwa Kilatini na mwaka wenyewe, na jina Uganda likaandikwa kamili. Novemba mwaka huo mmisionari mwenzake, F. Rowling, alipanga stempu kwa herufi za madini ya risasi kwenye mtambo wa kuchapia wa Lubwa's, Usoga (Busoga ya leo, Uganda), na safari hii kwa anna na rupia. Simbi zikatoka posta. Mwaka 1898 zikaja za De La Rue, wachapishaji wa London, zenye kichwa cha malkia, safi, matobo yamenyooka. Hizo niliziruka.

Kitu kilichopigwa taipu ni rahisi kughushi, na wakusanyaji wanalijua hilo zamani. Wiki iliyopita mzee alinionyesha kwenye simu muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyedai anayo ya 20. Nilikuza picha. Kila herufi ilikuwa na weusi uleule, kila mstari umekaa kama umenyolewa. Hakuna mashine ya mkono inayofanya hivyo. Kidole kidogo hakina nguvu ya kidole cha shahada, kwa hiyo herufi za pembeni ya kibao hutoka hafifu; herufi iliyolegea hupanda juu kidogo kila inapopigwa; tumbo la herufi hujaa uchafu wa riboni mpaka ulisugue kwa mswaki. Ile ilikuwa kompyuta na printa. Mzee alifunga simu, akasema alikuwa ameshaanza kumwandikia kijana wake aliyeko Dar atume hela.

Karatasi yangu ilimalizika siku ya tatu, stempu 96, nyingi zimepinda. Nilizikata kwa mkasi wa cherehani. Mjukuu wangu aliomba ile ya 15 iliyokatwa kwa kalamu, akaipaka uji, akaibandika kwenye bahasha ya kadi ya shule. Nimemwambia asiikunje.