641 ndani ya 4,294,967,297

Ukichukua 2 kwa kipeo cha 32, kisha ukaongeza 1, unapata 4,294,967,297. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, alikwisha kuona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo hujengwa vivyo hivyo kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, zote ni namba tasa. Akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa. Namba hii ndiyo iliyofuata, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni hapa Nkuhungu, Dodoma, huuliza kwanza 641 ilitoka wapi. Jibu ni kwamba kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, hivyo 3, 7, 11 na nyingine nyingi hatuna haja ya kuzigusa. Namba tasa zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641: jaribio la tano tu!

Mgawanyo wenyewe unatosha upande mmoja wa ubao. 4294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9, upate 4489, ambayo ni 7, baki 2. Ukiendelea, 448 inajitokeza tena karibu na mwisho, ila safari hii inayoshushwa ni 7, na 4487 ni 641 mara 7 kamili. Jibu ni 6,700,417, nayo ni tasa.

Hata hivyo, ninachokipenda zaidi ni uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hesabu ya mabaki ya 641, ambapo namba mbili huhesabiwa kuwa sawa zikiachana kwa kigawe cha 641, sentensi ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni sawa na hasi 1, kwa hiyo ukiipandisha kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sentensi ya pili inasema 5⁴ ni sawa na hasi 2⁴. Weka hii mahali pa ile: hasi 2³² ni sawa na 1, maana yake 2³² + 1 haibakizi kitu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua sheria za vipeo anaufuata bila shida, ingawa ile hasi humsumbua kidogo.

Baada ya 65,537 hakuna namba tasa nyingine ya aina hii iliyopatikana. Ile ya kipeo cha 2²⁰ imethibitishwa kuwa si tasa, lakini hadi sasa hakuna aliyetaja hata kigawo chake kimoja zaidi ya 1 na yenyewe.