Wali Ulinishinda Kabla ya Samaki

Mara ya kwanza niliambulia supu tu. Mdogo wangu alinivuta hadi kwenye mgahawa mdogo wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali na samaki, mmoja wa ile ya mtaani yenye meza chache na kaunta ya mbao, na aliponiona nakoroga supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, robo saa nzima akaniuliza, "Dada, umekuja kula au umenisindikiza?" Nikamjibu nimeshiba. Uongo mtupu. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini kila nikiitupia jicho sahani yake naona samaki ambaye hajawahi kukutana na moto.

Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu. Nilitaka, kama ni kushindwa, nishindwe bila shahidi.

Nilifika mapema, watu hawajaanza kujaa, nikakaa kwenye kaunta. Nilidhani nikimwona mpishi akimkata samaki nitajua kama yuko salama, kana kwamba usalama wa samaki unaonekana kwa macho. Mhudumu akaniletea kitambaa cha moto kilichoviringishwa. Ni cha kufutia mikono. Mimi nilishakifikisha kidevuni, nikakirudisha chini taratibu kama vile nilikuwa nakikagua.

Nikamwambia mpishi ukweli: samaki mbichi sijawahi kumla na ninamwogopa, anianzishie vilivyoiva. Hakucheka. Kumbe vilivyoiva ni vingi: kamba wa kuchemsha, kimanda kitamu kinachoitwa tamago, mkunga wa kuchoma aliyepakwa mchuzi mzito wenye sukari. Mkunga, aliniambia, hata hao mabingwa wa vibichi hawamli mbichi, kwa sababu damu yake ina sumu ambayo huisha kwa moto. Maneno hayo yalinipa raha sana, sijui kwa nini.

Basi nikajiona nimefaulu kabla sijaanza. Kamba akaja amelala juu ya kidonge cha wali. Nikambana kwa vijiti, nikamtumbukiza kwenye kibakuli cha sosi ya soya, wali ukitangulia. Wali ukainywa sosi, ukalegea, ukaporomoka. Nikainua vijiti na kamba peke yake, ananing'inia kama nguo kwenye kamba nyingine, huku wali wote umebaki kibakulini umegeuka uji mweusi. Nikaanza kuvua punje moja moja. Vijiti havikuumbwa kwa kazi hiyo, wala mimi sikuumbwa kwa vijiti.

"Tumia mkono," mpishi akasema bila kuinua macho.

Nilidhani ananionea huruma. Hapana. Sushi hii ya kufinyangwa, nigiri, ilishamiri karne ya 19 katika vibanda vya Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Watu walikuwa wanasimama, wanakula kwa vidole, wanaendelea na safari zao. Kwa hiyo unakishika kidonge kwa vidole, unakigeuza, unagusisha samaki kwenye sosi, siyo wali, halafu chote mdomoni kwa mara moja. Kukikata katikati kwa meno ni kujitafutia balaa la pili.

Tangu hapo niliacha kumkodolea samaki macho, nikaanza kuitazama mikono ya mpishi. Anachovya vidole kwenye maji yenye siki ili wali usimgande, anachota wali kwa mkono mmoja, anapaka wasabi, kiungo kikali cha kijani, kidogo mgongoni mwa samaki, anavikutanisha, anabonyeza, anageuza, anabonyeza tena. Basi. Nikamuuliza mbona habani zaidi ili usivunjike. Akanijibu kwamba ukibana sana unapata jiwe; ndani lazima ibaki hewa, wali uachane ukishafika kwenye ulimi. Wenyewe ni wa punje fupi, huchanganywa na siki, sukari na chumvi ungali moto, kisha hupepewa. Hauletwi ukiwa baridi. Unakuwa na uvuguvugu wa mwili. Na neno sushi lenyewe linahusu huo wali wenye uchachu. Vipande vya samaki mbichi bila wali ni sashimi, kitu kingine kabisa. Miaka yote nilikuwa naogopa sehemu ambayo siyo hata iliyokipa chakula jina.

Zamani, kwa kweli, wali haukuliwa. Samaki alifukiwa ndani ya wali na chumvi kwa miezi mingi ili asiharibike, wali ukachacha, na siku ya kula ukatupwa. Siki ilikuja baadaye kuuleta uchachu ule bila kungoja.

Sasa samaki mbichi. Nilimuuliza habari za minyoo, nikaona afadhali niulize kuliko kulala nikijisikilizia tumbo. Samoni wao, alisema, hugandishwa kwanza. Nilipofika nyumbani nikasoma: mwongozo wa Marekani wa kuua minyoo kama Anisakis ni nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7, na friza nyingi za nyumbani haziaminiki kufika huko na kubaki huko. Ndiyo sababu sijathubutu, na sitathubutu, kununua samoni wa kupika nikajikatia mwenyewe jikoni.

Nilianza na jodari mwekundu. Nilifumba macho, nakiri. Nilisubiri ule mnuko wa samaki, haukuja. Kulikuwa na ubaridi kidogo juu, uvuguvugu chini, ulaini ambao meno hayakupata kazi, kisha wali ukaachana kama alivyosema. Halafu wasabi ikapanda. Ukali wa pilipili hukaa kwenye ulimi. Huu ulinirukia puani, machozi yakanitoka, na nilipotoa pumzi kwa pua ukawa umeshakwenda. Inayopatikana migahawa mingi, kumbe, siyo wasabi halisi bali ni mzizi mwingine mkali uliotiwa haradali na rangi ya kijani. Puani sikuona kasoro yoyote.

Baada ya jodari nikala samoni, nikarudia samoni. Tangawizi ya siki nilikuwa naipanga juu ya samaki mpaka mpishi akaniambia ni ya kutafuna katikati ya aina moja na nyingine, kusafisha mdomo. Ngisi alinishinda. Nilimtafuna, nikamtafuna, akabaki vilevile, na hadi leo simwagizi. Na yale maviringisho makubwa yaliyofunikwa mayonezi siyaelewi. Ukimaliza hujui umekula nini.

Nilikwenda hivyo peke yangu mara tatu. Ya nne nikamwalika mdogo wangu, nikamwambia safari hii nimejipa moyo, nitajaribu. Tukakaa kaunta. Mpishi aliponiona akaweka kipande cha tamago mbele yangu kabla sijafungua menyu, na sosi akaisogeza upande wa kushoto, mkono ninaoutumia.

Mdogo wangu akamtazama, akanitazama. "Dada, mnajuana?"

Nikajaza yai mdomoni.