Milioni tatu na nusu za mpwa wangu: vifaa kwanza, pikipiki baadaye

Mpwa wangu ni muuguzi, na mwaka huu amepangiwa kazi katika zahanati iliyo ng'ambo ya Mlali, mkoani Morogoro, kwenye njia ya kupanda Mgeta. Amepanga chumba Mzumbe, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ilikuwa inamaliza mshahara kabla mwezi haujafika katikati, kwa hiyo alidunduliza mpaka akafikisha shilingi milioni tatu na nusu, kisha akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nimeamua kununua pikipiki yangu, nakuomba unisaidie kuchagua." Nilimwitikia, nikampongeza, kisha nikamwomba jambo moja kabla hatujataja pikipiki ya aina yoyote: tutenge kwanza fedha za kuukinga mwili wake, halafu pikipiki tuinunue kwa kitakachobaki.

Wengi hufanya kinyume chake. Fedha yote huishia kwenye pikipiki, na kichwani mtu huvaa helmeti aliyopewa na muuzaji kama nyongeza, miguuni ndala, mkononi hana kitu. Kwa mpwa wangu tulitenga laki sita za vifaa, mafunzo ya udereva na leseni. Kiasi hicho kilitosha, na pikipiki nzuri bado ilipatikana.

Kati ya vifaa vyote, helmeti ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi na fedha nyingi zaidi, na ndivyo inavyopasa kuwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ganda la nje hutawanya kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Kazi kubwa zaidi hufanywa na tabaka nene la povu gumu lililo chini yake, ambalo husagika pigo linapotua, na katika kusagika huko huupa ubongo sehemu ndogo ya sekunde ya kusimama badala ya kugota ghafla. Povu likishasagika halirudi katika hali yake. Kwa sababu hiyo, helmeti iliyokwisha kupata ajali imemaliza kazi yake hata kama ganda linang'aa, na kwa sababu hiyohiyo sikukubali kabisa helmeti ya mtumba, ingawa jaketi la mtumba nililitafuta mwenyewe. Kofia ya ujenzi, ambayo bado naiona vichwani mwa abiria wa bodaboda, ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu. Haina povu la pembeni wala la kisogoni, na mkanda wake, kama upo, hauwezi kuihimili mtu anapobiringika.

Katika duka moja la Morogoro mjini tuliwekewa mezani helmeti kadhaa. Ya kwanza ilikuwa na kibandiko cha DOT nyuma. Hicho ni kiwango cha Marekani, ambacho mtengenezaji mwenyewe ndiye hutangaza kwamba bidhaa yake imekitimiza, na kibandiko kama kile kinaweza kuchapishwa na mtu yeyote. Nilibonyeza ndani kwa kidole gumba: chini ya kitambaa palikuwa na sponji laini, kisha plastiki tupu. Tuliirudisha. Nyingine ilikuwa na lebo ya kitambaa iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, yenye herufi E ndani ya duara, pembeni yake namba 4 inayoonyesha kwamba iliidhinishwa Uholanzi, na chini yake namba ndefu iliyoanza na 06 na kufuatwa na herufi P. Tarakimu hizo mbili za mwanzo hutaja toleo la Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya na katika nchi nyingine nyingi. Helmeti yenye 05 bado ni kifaa cha kuaminika, lakini toleo la 06 liliongeza majaribio ya pigo la mshazari, lile linalozungusha kichwa, na mtu anayeanguka barabarani mara nyingi hupigwa hivyo. Herufi P nayo inathibitisha kwamba sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. Ukiona NP, fahamu kwamba kidevu kile ni cha kuzuia upepo tu.

Lebo haitoshi kama helmeti haikukaa. Tulimpima kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka kisogo palipotokeza zaidi, na hapo lilijitokeza suala la nywele ambalo wauzaji wengi hawaliulizi. Siku ile alikuwa amesuka rasta na kuzifunga kwa juu. Helmeti iliyoingia juu ya fundo lile ingekuwa inapwaya siku atakayosuka twende kilioni, na helmeti inayopwaya huchomoka. Alifungua fundo, akazilaza rasta nyuma ya shingo, ndipo tukapima, na tukakubaliana kwamba mtindo wa nywele zake za kazini utaifuata helmeti. Anayevaa hijabu afanye vivyo hivyo: apime akiwa na kitambaa chembamba anachokusudia kuvaa ndani kila siku. Ikishavaliwa, mashavu yasukumwe kidogo kuelekea mdomoni, na mtu akitikisa kichwa ngozi ya paji la uso itembee pamoja na helmeti. Kisha mkanda ufungwe, mtu mwingine ashike ukingo wa nyuma na kuuvuta juu kuelekea mbele. Ya mpwa wangu haikutoka. Kioo tulichagua cheupe kisicho na giza, kwa sababu zamu yake wakati mwingine huisha jua limezama.

Mikono ndiyo hutangulia kufika chini, kwani hakuna anayeanguka bila kujaribu kujizuia kwa viganja. Glovu za ngozi zenye kipande kigumu kwenye kitako cha kiganja huuacha mkono uteleze juu ya kokoto badala ya kung'ang'ania na kuvunjika kifundo. Kwa muuguzi, ambaye kesho yake lazima ashike bomba la sindano, sikuona haja ya kujadili. Glovu za pamba zinazouzwa barabarani huzuia jua na si kingine.

Jaketi lilipatikana kwenye mitumba, na hapa subira hulipa. Jaketi za pikipiki kutoka Ulaya hufika ndani ya marobota pamoja na jaketi za baridi, na muuzaji mara nyingi hazitofautishi. Tafuta lebo ya ndani yenye mchoro mdogo wa mwendesha pikipiki. Za miaka ya karibuni zina namba EN 17092 na daraja lake, ambapo AAA ndilo la juu, kisha AA, kisha A. Papasa viwiko na mabega uone kama vikingio vigumu vimo mifukoni mwake au vimechomolewa, maana huchomolewa sana. Kagua mishono kuliko kitambaa, kwa kuwa mtu anapoburuzika kwenye lami mshono wa uzi mmoja hufumuka kabla ngozi haijatoboka. Tulipata la kitambaa chenye matundu madogo, linalopitisha upepo. Joto la Mzumbe mchana lingemfanya alivue jaketi zito kabla hajafika njia panda ya Sangasanga, na baridi ya kule juu asubuhi huizuia kwa koti la mvua analovaa kwa nje. Juu yake huvaa kizibao cha riflekta. Uchunguzi wa ajali 900 uliofanywa Los Angeles na Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochapishwa mwaka 1981, uligundua kwamba pikipiki inapogongana na gari, mara nyingi dereva wa gari ndiye aliyeingia njia ya mwenzake, ama kwa kutomwona ama kwa kumwona akiwa amechelewa. Mpwa wangu lazima aguse kipande cha barabara kuu ya Iringa, yenye malori yaendayo Zambia, kabla hajakunja kushika njia ya vumbi. Ninataka aonekane.

Miguuni alipendelea mabuti ya mvua, kwa sababu ya tope jekundu la masika. Nilimshauri asiyavae akiendesha. Mpira ule laini haushiki kifundo cha mguu, na buti huchomoka mguu unapobanwa chini ya pikipiki. Tulinunua buti za ngozi za kazi zinazopita kifundo, na kamba zake huzichomeka ndani zisije zikanasa kwenye kanyagio la gia. Magotini huvaa vikingio vya kufunga kwa mikanda, juu ya suruali nzito. Gauni la kazi hulibeba kwenye begi na kulivaa akishafika. Khanga, dera au sketi ndefu haina nafasi karibu na cheni na spoku. Waliowahi kuona nguo ikivutwa na gurudumu la nyuma hawahitaji maelezo yangu.

Kutanguliza vifaa kuna faida nyingine, ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha: pikipiki hujaribiwa ukiwa umevaa. Soli nene ya buti huongeza urefu wa mguu, glovu hupunguza urefu wa vidole kwenye klachi, na helmeti hubadilisha upana wa unachokiona vioo vinapotazamwa. Mpwa wangu ni mfupi. Alipokalia pikipiki kuukuu ya njia mbovu, aina ya Yamaha DT, kwa sababu alivutiwa na urefu wake kutoka ardhini, vidole vya mguu mmoja tu viligusa chini. Kwenye tope la mteremko, pikipiki ambayo huwezi kuikanyagia ardhi itaanguka ikiwa imesimama, tena upande uleule unaougemea. Isitoshe, ile ni ya injini ya mapigo mawili, na vipuri vyake siku hizi ni vya kuagiza.

Zilibaki mbili, TVS HLX 125 na Bajaj Boxer BM 150, namba hizo zikikadiria ukubwa wa injini kwa cc. Vijana wa kijiweni pale Mlali walimshauri achukue Boxer kwa ajili ya mlima, na hoja yao ina uzito: angekuwa anabeba abiria au magunia ya viazi kutoka Mgeta, ningesema hivyohivyo. Lakini yeye hupanda peke yake na begi mgongoni. Kwa anayejifunza, injini ndogo husamehe mkono unaofungua mafuta kwa pupa, na uzito unaoweza kuuinua mwenyewe pikipiki ikilala njiani ni muhimu kuliko mwendo. Nilimwomba afanye mambo matatu kwa kila moja: aisukume kinyumenyume kwenye kokoto, aipandishe kwenye stendi kubwa bila msaada, na abane breki ya mbele kwa vidole viwili akiwa na glovu. Boxer ilimshinda kwenye stendi. HLX aliiweza. Vipuri vya zote mbili vinapatikana mpaka Mlali, na fundi wa pale anazifahamu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kumsukumia ile nzito.

Breki ya mbele inahitaji neno zaidi. Wapo waendeshaji wa miaka mingi wanaowafundisha wageni wasiiguse kwa madai kwamba inarusha, na fundisho hilo ni la hatari. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. La nyuma peke yake huteleza tu. Kinachorusha ni kubana kwa ghafla. Kwenye lami hubanwa kwa kuongeza nguvu taratibu, kwenye kokoto kwa wepesi zaidi. India, nchi zinakotengenezwa HLX na Boxer, iliagiza tangu Aprili 2019 pikipiki zinazozidi cc 125 ziuzwe na mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, lakini nyingi zinazouzwa kwetu hazina mfumo huo, kwa hiyo mkono wa mwendeshaji ndio wa kuzoezwa. Sikumfundisha mimi. Utafiti uleule wa Hurt ulikuta kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali walijifunza wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Alisoma chuo cha udereva, akapitia leseni ya mafunzo na mtihani wa trafiki, na mimi kazi yangu ikawa kumsindikiza uwanjani.

Pikipiki alinunua mpya, kwa kuwa zilizotumika zilizoonyeshwa kwetu zote zilitoka kwenye mikataba ya bodaboda na sproketi zake, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, zilikuwa zimechongoka. Hata mpya hukaguliwa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 3524 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Tulilinganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye nyaraka kabla fedha haijatoka mkononi, kadi ikatoka kwa jina lake, na akakata bima kubwa, kwani chumba alichopanga hakina uzio. Baada ya hayo yote ilisalia laki moja na kidogo, nayo imetengwa kwa ajili ya servisi ya kwanza na oili mpya, ambayo kitabu cha pikipiki kinaagiza ibadilishwe mapema, kwa sababu injini mpya inapokaa sawa huacha chembe za chuma ndani ya oili ya kwanza.