Mirabaha ya tungo zangu: ninavyoifuatilia nikiwa Unguja

Ninatunga mashairi ya taarabu na nyimbo za zenji fleva, sina lebo wala meneja. Mirabaha, yaani malipo ya kazi yangu kila inapotumika, inanifikia kwa sababu kila wimbo nauhesabu kuwa mali mbili. Utunzi ni maneno na mahadhi. Rekodi ni ile sauti iliyotoka studio. Kila mali ina mwenyewe na njia yake ya kulipwa, na anayeshika moja tu huiacha nyingine ikapotea.

Kwenye taarabu jambo hili lina uzito zaidi, maana aghalabu mwenye shairi si aliyetia mahadhi, na mwimbaji ni mtu wa tatu. Desturi ni mtunzi kupewa pesa ya mkupuo, wimbo ukabaki wa kikundi. Pesa hiyo naipokea, lakini kwa karatasi inayosema ni malipo ya ruhusa ya kuimba na kurekodi, si bei ya utunzi.

Karatasi ya mgawo husainiwa kabla watu hawajatoka studio. Wimbo ukishapendwa, kila mtu hukumbuka alichangia nusu! Naandika jina la wimbo, tarehe, majina matatu ya kila mtu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, jina la kisanii, na asilimia. Kianzio changu ni maneno 50, mahadhi 50. Prodyuza aliyerekodi na kuchanganya sauti tu namwekea fungu kwenye rekodi. Akiwa ameunda na mahadhi, ndipo anaingia kwenye ile 50 ya pili. Jumla iwe 100 kamili. Watu wawili wakidai mafungu yanayofika 120, malipo husimamishwa mpaka wakubaliane. Na tahajia ya majina ni jambo la kushikilia sana: kwetu Khamis na Hamisi ni mtu mmoja, kwenye mfumo wa malipo ni wawili.

Baada ya hapo naupeleka utunzi COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, nikichukua maneno yaliyochapwa, rekodi, kitambulisho na ile karatasi. Redio, hoteli na kumbi zinatakiwa kulipia muziki zinaoutumia, lakini pesa haiwezi kumfuata mtunzi kama hakuna kumbukumbu ya kilichopigwa. Kwa hiyo kikundi kikipiga nyimbo zangu Ngome Kongwe au kwenye hoteli za Nungwi na Paje, naomba orodha ya nyimbo za usiku ule yenye majina ya watunzi, tarehe na ukumbi, na nakala naiweka. Redioni napeleka faili lililoandikwa jina la wimbo, mwimbaji na mtunzi, kwa sababu faili lililoandikwa “Track 3” halimlipi mtu. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2003, na Bara wana yao ya 1999, basi usajili wa huku usidhani umekwishakusajili na ng’ambo ya pili.

Rekodi huenda mtandaoni kupitia msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify. Kila rekodi hupewa namba ya ISRC, ya kuitambulisha rekodi hiyo popote duniani, yenye herufi na tarakimu 12. Hiyo naiandika kwenye daftari, na nikihamia kwa msambazaji mwingine nakwenda nayo, nisije nikaanza kuhesabiwa upya. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo kuupandisha wimbo uleule mara tatu kwa namba tofauti ni kujigawanyia hesabu bure.

Wengi huishia hapo, nami nasikitika kila nikiliona. Msambazaji kwa kawaida hulipa upande wa rekodi tu. Fungu la utunzi hukusanywa na vyombo vingine. Kwa wasikilizaji walioko Marekani, shirika la huko liitwalo The MLC limekuwa likikusanya mirabaha ya nakala za kidijitali tangu Januari 2021, na mtunzi anayejisimamia hujiunga bila ada. Wimbo nausajili huko pamoja na ISRC yake, ili utunzi ukutanishwe na rekodi. Ukiwa umempa wakala asimamie tungo zako, muachie yeye asajili. Mkisajili wote wawili madai yatagongana.

YouTube ina mtego wake. Mfumo wake wa Content ID, unaotambua muziki wako kwenye video za wengine, hautaki biti ya kukodi isiyo ya kipekee, kwa sababu watu mia wanaweza kuwa nayo, na dai lako litawaangukia wenzio. Vivyo hivyo kibwagizo cha ngoma ya msewe au cha unyago: hicho ni cha jamii, nami nasajili beti nilizoongeza tu. Kwa malipo ya chaneli yenyewe, jaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa asiye raia wala mkaazi wa huko. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato ya watazamaji wa kule hukatwa asilimia 30; usipojaza fomu, makato yanaweza kugusa mapato ya dunia nzima. AdSense, mfumo wa Google unaolipa pesa za YouTube, haitumi pesa mpaka zifike dola 100, na jina la akaunti ya benki lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Taarifa za mapato nazifungua zinapotoka na kuzilinganisha na daftari. Wimbo unaopigwa sana lakini haumo kwenye taarifa nauandikia siku ileile, nikiambatisha ISRC na karatasi ya mgawo.