Hesabu ya sufuria: jinsi nilivyohamia umeme jikoni mwangu Goma

Mnamo Machi 2023, gunia la makala, yaani mkaa wa kupikia, lilipofika dola 30 mtaani kwetu Katindo, nilichukua daftari ambalo mtoto alikuwa ameacha kurasa zake nusu, nikaanza kuandika kila senti iliyoingia jikoni. Tulikuwa watu saba, na magunia matatu yalitutosha miezi miwili, kwa hiyo dola 45 ziliteketea kila mwezi ndani ya mbabula, jiko letu la mkaa, ilhali umeme wa taa, simu, pasi na televisheni haukuzidi dola 7. Nyumba yetu ilikuwa tayari imeunganishwa na laini inayotoka Rutshuru, kwenye kituo cha Matebe chenye megawati 13.6 ambacho kilianza kazi mwishoni mwa 2015, na kashi pawa, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imefungwa ukutani. Hata hivyo, kupikia umeme lilikuwa jambo tuliloliona la watu wenye pesa.

Nilitumia dola 130 kuanza: 65 za sufuria ya umeme ya presha, 20 za resho (jiko dogo la umeme lenye koili), 30 za nyaya nene na swichi ya kukinga, na 15 za fundi. Zile nyaya nusura nizikatae, kwa kuwa taa zilikuwa zikiwaka vizuri kwa nyaya za zamani. Fundi aliniambia niguse plagi baada ya kupiga pasi kwa nusu saa. Nilipoona ilivyopata moto, nililipa bila kubishana.

Faida ilionekana kwanza kwenye maharage na sombe, yaani majani ya muhogo. Vyakula hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikila makala, kwa kuwa vinahitaji saa nyingi za moto usiozimika, na moto wa mbabula hupasha upepo zaidi kuliko unavyopasha sufuria. Sufuria ya presha huvuta umeme kwa nguvu mwanzoni tu. Ikishafikia presha yake hujikata na kujiwasha kwa vipindi vifupi. Kwa kusoma tarakimu za kashi pawa kabla na baada ya kupika, niliona kwamba maharage ya siku nzima yalichukua takriban nusu kilowati-saa, yaani kama senti 12 kwa bei niliyokuwa nikilipa. Mama mkwe, ambaye alikuwa amesema kwamba maharage ya umeme hayawezi kuwa na mchuzi mzito, alikula akanyamaza, na kwake huko ndiko kusifu.

Resho, kinyume chake, ilinipa hasara. Sufuria zetu za alumini zina kitako cha mviringo, hivyo ziligusa koili sehemu ndogo tu, na bugali (ugali), ambao unataka mtu aukandamize kwa mwiko kwa nguvu zote, uliyumbisha chombo kizima. Katika mwezi wa pili plagi yake iliungua. Nikanunua nyingine kwa dola 20, ya kuchemshia chai na wali peke yake, na bugali ukarudi kwenye mbabula.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la hesabu, wala halikutokana na chombo chochote. Wakati maharage yalipokuwa yakipikwa kwa makala, makaa yaliyobaki jioni yalipasha maji ya kuoga ya watoto, na sikuwa nimewahi kuyaandika popote kwa kuwa niliyaona ni ya bure. Maharage yalipohamia kwenye umeme, makaa hayo yakatoweka, nami nikaanza kupasha lita 20 kila siku kwa fimbo ya umeme. Maji hayo peke yake yalikula karibu kilowati-saa moja kwa siku, na mwezi huo nikalipa dola 30 za umeme. Nilifikiri kashi pawa ina hitilafu, hata nikamwita fundi, kabla ya daftari kunionyesha mahali pesa zilipokwenda. Tangu hapo maji hupashwa kwa makaa ya bugali.

Baada ya marekebisho hayo, umeme ulitulia kwenye dola 22 na makala kwenye dola 15, kwa kuwa gunia moja sasa linamaliza miezi miwili. Kutoka jumla ya dola 52 tulishuka hadi 37, na dola 150 nilizotumia, pamoja na ile resho ya pili, zilirudi katika miezi kumi. Kama ningetaka kuondoa makala kabisa, zile dola 15 za kila mwezi zingeliwa na maji ya kuoga, bugali na sufuria mpya zenye kitako bapa.

Gunia lile lilikuwa na kazi nyingine pia. Vita vilipofika mjini mwishoni mwa Januari 2025 na umeme ukakatika kwa siku nyingi, tulipika kwa mbabula kila kitu, hata maharage, huku sufuria ya presha ikikaa kabatini. Umeme uliporudi, mume wangu alipendekeza tununue sufuria ya pili ili wali na maharage viive kwa pamoja. Nilimfungulia daftari: wali kwenye resho hautuzidishii hata dola mbili kwa mwezi, na dola 65 zingetuchukua karibu miaka mitatu kurudi. Tumenunua mpira mpya wa mfuniko wa ile ya kwanza, kwa dola 4.